Maji ya bomba yananuka dawa na mimi ni mjamzito, niyaache?

Swali nililoletewa ni hili, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mtaalamu. Nina mimba ya miezi minne. Maji yetu ya bomba siku hizi yananuka dawa kama bwawa la kuogelea. Nimesoma kwamba klorini ikikutana na uchafu inatengeneza sumu zinazoleta kansa ya kibofu na kuharibu mimba. Mume wangu anasema tuhamie maji ya kisima maana hayana dawa yoyote. Mama mkwe anasema nichemshe tu, dawa itaondoka. Nimsikilize nani? Na kuoga je?"

Marahaba dada yangu, na hongera. Nianze na jibu kabisa ili usisome huku moyo unadunda: kisimani usihamie. Endelea na bomba, ukiweza weka chujio la mkaa kwa maji ya kunywa, na bafuni fungua dirisha. Hayo tu. Sasa kaa vizuri nikueleze kwanini, maana ulichosoma si uongo, ila wamekusimulia nusu, na nusu iliyobaki ndo inayobadilisha mambo.

Mimi nimekaa maabara ya maji miaka mingi na kuna kitu huwa nawaonyesha vijana wanaoanza kazi. Nachukua jagi la kioo, nalijaza maji ya mto ya msimu wa mvua, yale yaliyopita kwenye majani yaliyooza mpaka yana rangi kama ya chai isiyo na maziwa. Naweka klorini matone kadhaa, nakoroga, tunakaa tunaangalia. Baada ya muda rangi inaanza kupauka, inazidi kupauka, na kila kijana anafurahi anasema ona maji yametakata. Halafu nawaambia pimeni klorini. Ile dawa ya kupimia ikikuta klorini inageuka pinki papo hapo, sasa wanaweka, wanatikisa, wanasubiri, maji yako vilevile hayana hata dalili ya pinki. Klorini yote imeliwa. Imeenda wapi? Sehemu yake imeunguza ile rangi, na sehemu imejishikiza kwenye vipande vya yale majani yaliyooza, imezaa kemikali mpya ambazo hazikuwepo mtoni wala hazikuwepo kwenye chupa ya dawa. Hizo ndo zinaitwa mazalia ya dawa ya kuulia vijidudu, na ndo hizo ulizosoma.

Kundi lake maarufu ni trihalomethani, ziko nne, na mkubwa wao ni klorofomu, ndiyo, ileile iliyokuwa ikitumika zamani kulaza wagonjwa kabla ya upasuaji. Kundi la pili ni asidi za haloaseti. Baada ya hapo orodha ni ndefu, mpaka sasa zimetambuliwa zaidi ya 700 na kazi haijaisha.

Kitu kinachonishangaza mpaka leo ni muda uliopita bila mtu kujua. Jersey City kule Marekani walianza kutia klorini kwenye maji ya mji mzima mwaka 1908, na watu wakanywa miaka na miaka, homa ya matumbo ikashuka, kila mtu akashukuru. Mpaka 1974 ndo mkemia mmoja wa shirika la maji la Rotterdam, Johannes Rook, akaonyesha kwamba klorofomu inazaliwa humohumo kwenye maji wakati wa kutiwa dawa, na mwaka huohuo Wamarekani wakaikuta kwao. Uzembe haukuwepo, vifaa vya kuona kiasi kidogo namna hiyo ndo vilikuwa havijapatikana. Mwaka 1976 taasisi ya saratani ya Marekani ikatoa matokeo kwamba panya waliopewa klorofomu kwa dozi kubwa wanapata uvimbe wa ini na figo, hofu ikatanda, na 1979 Wamarekani wakaweka ukomo wa kwanza, maikrogramu 100 kwa lita kwa trihalomethani zote kwa pamoja. Baadaye wakashusha mpaka 80, wakaongeza na 60 kwa zile asidi tano kuu. Ulaya wako kwenye 100.

Maikrogramu moja kwa lita ni sehemu moja kwenye bilioni. Ukiigeuza kuwa muda ni sekunde moja ndani ya miaka karibu 32. Kwa hiyo tunaongelea vitu vidogo mno, japo udogo peke yake sio kinga, usimwamini mtu anayekwambia "ni kidogo tu" halafu anaishia hapo.

Sasa tuje kwenye harufu, maana nadhani ndo imekutisha zaidi, na hapa ndo watu wengi wanapotea, hata wasomi. Harufu ya klorini haikwambii kiasi cha mazalia. Harufu ni ya klorini yenyewe iliyobaki, ile ambayo bado haijakutana na uchafu wa kuula. Trihalomethani kwa kiwango kinachokuwepo kwenye maji ya bomba huzinusi wala huzionji. Na mara nyingi mambo yako kinyume na unavyodhani: nyumba iliyo karibu na mtambo inapata maji yenye dawa kali na mazalia machache kwa sababu kemia haijapata muda wa kutosha, nyumba ya mwisho wa laini kule ambako maji yamelala kwenye bomba siku mbili tatu inapata maji yasiyonuka kabisa na trihalomethani za kutosha. Niliwahi kwenda kuchukua sampuli kwa mzee mmoja mwisho kabisa wa mtandao, akanipokea kwa furaha, akaniambia huku kwetu maji ni matamu hayana dawa kama ya wale wa mjini, nikanywa glasi nikamshukuru. Sampuli ile ndo ilitoa namba kubwa kuliko zote za siku hiyo.

Hata ile harufu ya bwawa la kuogelea uliyoitaja, inayochoma macho, kwa kiasi kikubwa si klorini safi. Ni kloramini, hasa trikloramini, zinazozaliwa klorini ikikutana na jasho na mkojo wa waogeleaji. Bwawa linalonuka sana kwa kawaida linakwambia watu hawakuoga kabla ya kuingia. Samahani kama nimekuharibia bwawa.

Kwa hiyo maji yako yakizidi kunuka ghafla inaweza kuwa wameongeza dozi kwa sababu mto umechafuka baada ya mvua, au wamesafisha bomba, au wamerekebisha laini iliyopasuka na wanatia dawa ya ziada. Shirika la Afya Duniani linataka maji yakifika kwenye bomba la nyumbani yawe na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita, na ukomo wa juu kwa ajili ya afya ni 5. Pua za watu wengine zinaanza kulalamika kwenye 0.3 hapo, na mimba nayo inanoa pua, nadhani umeshajionea.

Vinavyoongeza mazalia ni hivi, nitavisema harakaharaka. Uchafu wa mimea kwenye maji ndo wa kwanza na ndo mkubwa. Joto, ndo maana miezi ya joto namba zinapanda. Muda, yaani maji yanavyokaa na dawa. Kiasi cha dawa chenyewe. Maji yakiegemea upande wa magadi trihalomethani zinaongezeka huku baadhi ya zile asidi zikipungua, kwa hiyo huwezi kushinda pande zote. Halafu kuna bromidi, chumvi inayopatikana hasa pale maji ya bahari yanapopenyeza kwenye maji ya chini au mtoni, na hii mimi naiogopa kuliko vingine kwa sababu klorini inaigeuza kuwa bromini, bromini inajishikiza kwenye uchafu kwa kasi zaidi, na mazalia yenye bromini yanaonekana kuwa makali zaidi kwenye chembe hai kuliko yale ya klorini tupu.

Bromidi iliwahi kuwatesa watu wa Los Angeles vizuri sana. Mwaka 2007 waligundua kwamba kwenye mabwawa yao mawili ya wazi jua lilikuwa linapiga maji yenye bromidi na klorini, na mle ndani inazaliwa bromati, kitu kinachoshukiwa kuleta kansa na ambacho ukomo wake ni maikrogramu 10 tu kwa lita. Maji yale yakamwagwa. Dawa waliyoipata inachekesha ukiiona: mwaka uliofuata walianza kumwaga mipira myeusi ya plastiki juu ya bwawa ili jua lisifike kwenye maji, na kufikia 2015 hifadhi yao kubwa ilikuwa imefunikwa na mipira milioni 96. Mamilioni ya mipira kwa ajili ya kuleta kivuli tu. Lakini ilifanya kazi.

Haya, kansa. Nitakwambia ninavyoielewa mimi bila kupaka rangi. Klorofomu yenyewe kwa kiwango cha bomba hainisumbui sana. Ini linaivunja, na ikizidi dozi fulani vipande vyake vinaua chembe za ini na figo, zinaota mpya, zinakufa tena, na huko kuota na kufa kila mara ndo kunaleta uvimbe kwa wale panya. Chini ya dozi hiyo mchezo hauanzi. Ndo maana Shirika la Afya Duniani limeweka kwa klorofomu peke yake maikrogramu 300 kwa lita, kwa hesabu kwamba mtu wa kilo 60 anaweza kupata maikrogramu 900 kwa siku maisha yake yote bila madhara yanayoonekana. Maji yenye 80 kwa lita ukinywa lita mbili ni 160.

Ila klorofomu ni kama yule mtoto mwenye kelele anayekwambia wenzake wako chumba gani. Tunaipima kwa sababu ni rahisi kupimwa, wakali wenyewe huenda ni wengine. Maabara ya Michael Plewa pale Chuo Kikuu cha Illinois ilionyesha kwamba mazalia yenye iodini na yenye naitrojeni yanaharibu chembe hai na vinasaba kuliko haya tunayoyawekea ukomo, na mengi yao hayamo kwenye sheria. Hii ndo sehemu ambayo fani yetu inatakiwa iione haya kidogo, miaka 50 baadaye tunahesabu trihalomethani nne na asidi tano kwenye kundi la mamia.

Kwa binadamu, kansa inayojirudia kwenye tafiti ni ya kibofu cha mkojo. Wanaokunywa maji yenye trihalomethani nyingi kwa miongo, narudia, kwa miongo, wanaonekana kuipata kidogo zaidi, na kwa wanaume inaonekana wazi zaidi kuliko wanawake. Mwaka 2020 watafiti walichukua takwimu za nchi 26 za Ulaya wakakadiria kwamba karibu asilimia 5 ya kansa za kibofu, kama kesi 6,500 kwa mwaka, huenda zinatokana na mazalia haya, na hapo wastani wa maji yao ulikuwa kama maikrogramu 12 tu, mbali sana na ukomo wao wa 100. Kwa hiyo siwezi kukwambia kwamba ukiwa chini ya ukomo basi hatari ni sifuri. Ninachoweza kukwambia ni kwamba sigara ndo inabeba karibu nusu ya kansa za kibofu, na kama nyumbani kwenu kuna anayevuta basi anza na huyo kabla hujagombana na bomba.

Na mimba sasa, ambayo najua ndo ulitaka nianze nayo. Hofu ya mimba kutoka ilishika kasi mwaka 1998 utafiti wa California ulipotoka. Walifuatilia wajawazito, wakakuta waliokunywa glasi tano au zaidi kwa siku za maji baridi ya bomba yenye trihalomethani 75 au zaidi, mimba zilitoka kwa asilimia 15.7, wengine asilimia 9.5. Ukiisoma ukiwa na mimba lazima mikono itetemeke, naelewa. Lakini utafiti uliotengenezwa makusudi kuhakiki jambo hilo, uliofanyika sehemu tatu za Marekani ukachapishwa 2005, ulipima maji kwa umakini zaidi na kwa jumla haukuikuta ile tofauti. Kuhusu uzito wa mtoto, tafiti nyingine zinaona upungufu mdogo, nyingine hazioni kitu. Picha niliyonayo mimi ni kwamba kama kuna athari kwa mimba ni ndogo kiasi kwamba wataalamu wanaitafuta kwa miaka mingi na bado inateleza mikononi.

Sasa weka hiyo upande mmoja, upande wa pili weka kisima cha mume wako. Namheshimu shemeji, wazo lake linatoka kwenye mapenzi, ila kisima kisichotiwa dawa kwa mjamzito kina jambo moja ambalo likisemwa mezani huwa panakuwa kimya: homa ya ini aina ya E. Inasafiri kwenye maji yenye kinyesi. Mtu wa kawaida anaugua wiki kadhaa anapona. Mjamzito akiipata miezi mitatu ya mwisho, kati ya wanne mpaka watano mmoja anaweza kufa. Hicho hakihitaji miongo wala takwimu za nchi 26, kinahitaji ndoo moja. Ongeza na naitreti, ambazo visima vifupi karibu na mashamba na vyoo vinazo, mtoto mchanga akitengenezewa maziwa ya chupa kwa maji hayo damu yake inashindwa kubeba oksijeni anabadilika rangi, na ukichemsha ndo unazikoleza zaidi kwa sababu maji yanapungua zenyewe zinabaki.

Walkerton ni mji mdogo wa Kanada, watu kama 5,000. Mei 2000 mvua kubwa ilinyesha ikasomba samadi mpaka kwenye kisima kifupi kilicholisha mji. Mafundi walitakiwa watie klorini ya kutosha na wapime kila siku, hawakuwa wakifanya hivyo, waliandika namba za kubuni kwenye daftari, na moja ya sababu zilizotajwa baadaye kwenye uchunguzi ni kwamba watu pale hawakupenda ladha ya dawa. Watu zaidi ya 2,300 waliugua, saba walikufa.

Kuna hadithi nyingine utaisikia, kwamba Peru mwaka 1991 waliacha klorini kwa kuogopa kansa ndo kipindupindu kikawafyeka, zaidi ya watu 300,000 wakaugua mwaka ule na karibu 3,000 wakafa. Hizo namba ni za kweli. Ile sababu mimi siisimulii hivyo tena, waliofuatilia walikuta mabomba yaliyochakaa, maji ya mgao, na mifumo ya kutia dawa iliyokuwa mibovu au haipo tangu mwanzo. Nakwambia kwa sababu hata sisi wa upande wa klorini tuna chumvi yetu.

Njia ya kweli ya kupunguza mazalia ni kutoa uchafu kabla ya dawa haijaingia. Shabu inatiwa, uchafu unashikana mabonge, unazama, maji yanachujwa mchangani, pengine na kwenye mkaa, ndipo klorini inakuja mwishoni ikiwa haina cha kula zaidi ya vijidudu. Mtambo unaotia dawa mapema mtoni huku maji bado machafu ndo unaojizalishia matatizo. Wengine wanabadilisha dawa: kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia, inazaa trihalomethani chache lakini inaleta mazalia yake yenyewe yenye naitrojeni, na Washington walipohamia huko mwaka 2000 kemia ya maji ilibadilika madini ya risasi yakaanza kutoka kwenye mabomba ya zamani kwa miaka kadhaa kabla hawajalidhibiti. Ozoni, gesi inayoua vijidudu, ni nzuri, ila pakiwepo bromidi unapata bromati. Waholanzi, walewale wa Rook, wanasambaza maji bila klorini kabisa, na wanaweza kwa sababu mabomba yao karibu hayavuji na maji yao yamesafishwa mpaka bakteria hawana chakula. Pasipo na mabomba ya hivyo usijaribu.

Kwa mama mkwe: ana haki nusu. Kuchemsha sufuria ikiwa wazi kunafukuza klorini na sehemu kubwa ya trihalomethani, zinaruka na mvuke, kwa hiyo dirisha la jiko liwe wazi, hakuna maana ya kuzitoa kwenye sufuria uzivute puani. Lakini zile asidi haziruki. Moja yao ikipata joto inavunjika na kuwa klorofomu, nyingine inabaki palepale huku maji yanapungua. Na maji yaliyochemshwa hayana mlinzi tena, kidole kimoja kichafu kikiingia humo bakteria wanaota bila kizuizi. Ukichemsha funika, weka mahali pa baridi, mimina usichote kwa kikombe, na usiyalaze zaidi ya siku moja. Kuacha jagi wazi usiku kucha kunatoa klorini na ile harufu, ila mazalia yanapungua kidogo tu.

Chujio la mkaa ndo pendekezo langu kama unataka kutulia moyo. Lile la jagi au la kufunga kwenye bomba, vyote sawa, mradi mambo mawili. Soma kwenye boksi kama limethibitishwa kupunguza trihalomethani zenyewe, maana mengi yamethibitishwa kwa ladha na harufu tu, na hiyo ni kazi rahisi mno kwa mkaa. La pili ni kubadilisha katriji kwa wakati, na hapa ndo watu wanafeli, mkaa ukijaa unaacha klorofomu ipite huku klorini bado inanaswa, yaani ladha inabaki nzuri wewe unajua liko kazini kumbe lilishalala. Maji yaliyopita hapo nayo hayana dawa, yaweke kwenye friji. Asubuhi fungua bomba litiririke mpaka maji yawe baridi ndipo ukinge ya kunywa, yale yaliyolala kwenye bomba la nyumba usiku mzima ndo yamekaa na dawa muda mrefu. Maji uliyofungulia kwanza deki nayo.

Halafu piga simu kwa wanaokuletea maji, ni haki yako. Usiulize "maji ni salama?" maana watasema ndiyo. Waulize trihalomethani ngapi, zimepimwa lini, na sampuli imechukuliwa wapi, kwenye mtambo au mwisho wa mtandao. Uliza na asidi za haloaseti. Waulize wastani wa mwaka na namba ya juu kabisa, kwa sababu wastani unaficha mwezi wa joto. Wakikupa ya kwenye mtambo peke yake, waambie wewe huishi kwenye mtambo. Ukiamua kupeleka sampuli mwenyewe kwenye maabara binafsi, usipeleke kwenye chupa ya soda. Tunatumia kichupa kidogo cha kioo cha mililita 40 chenye dawa ndani ya kusimamisha klorini, unakijaza polepole mpaka maji yanatuna juu ya mdomo, unafunga, unakigeuza kichwa chini unakigonga na kidole unaangalia. Ukiona kiputo cha hewa, anza upya na kichupa kingine, kwa sababu klorofomu inakimbilia kwenye hicho kiputo na utapewa karatasi yenye namba ndogo ya kukufurahisha bure.

Ikitokea bomba limekauka na kisima ndo kimebaki, sawa, mkitumie, lakini mkitie dawa. Acheni maji yatuame kwanza au myachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha dawa kwa kipimo cha kwenye pakiti, subirini nusu saa. Dawa ya maji nunueni mpya, iwekeni kivulini, ile iliyokaa miezi kwenye joto inapoteza nguvu na inageuka klorati, ambayo inaisumbua tezi ya shingo kuchukua iodini, na mimba inaihitaji sana hiyo tezi.

Kuoga. Hili swali wengi hawaliulizi na wewe umelikumbuka. Trihalomethani zinapenda kuwa hewani kuliko kuwa majini, maji ya moto yakitawanyika kwenye bomba la mvua zinaruka unazivuta, na nyingine zinapita kwenye ngozi. Waliopima damu na pumzi za watu kabla na baada ya kuoga wamekuta kuoga maji ya moto kwenye bafu lililofungwa kunaweza kukuingizia klorofomu sawa na maji ya kunywa ya siku nzima au zaidi. Zile asidi hazifanyi hivyo, zenyewe ni za kunywa. Kwa hiyo dirisha wazi, maji ya vuguvugu badala ya moto, dakika kumi badala ya nusu saa. Maji ya moto kupita kiasi ukiwa mjamzito hayafai kwa sababu zake nyingine pia. Mtoto akizaliwa, beseni lake lijazwe kabla hajaingia, mvuke utoke, ndipo umuweke.